Siku mbili Lisbon, mtembeza watalii natembezwa mie

Kazi yangu mie ni kutembeza watu. Mwaka wa kumi na moja huu nazunguka na wageni Mji Mkongwe, najua kila uchochoro, najua baraza gani ina kivuli saa nane mchana na paka gani anauma, na kila siku ya Mungu nikifika Ngome Kongwe nasema maneno yale yale, hapa walikuwepo Wareno, walijenga kanisa, 1698 Waomani wakawatoa, wakaja wakajenga ngome hii juu yake, haya twendeni. Wareno, Wareno, Wareno. Na Mreno mwenyewe kwao sijapata kumuona hata siku moja.

Sasa mwaka huu nikapata kozi ya wiki tatu Uholanzi, mambo ya kuhifadhi miji ya kale, tulikwenda watu wawili, mie na mwenzangu mmoja Mpemba wa Wete, mtu wa maneno mengi na hofu ya baridi. Wiki ya pili Mpemba akaniambia yakhe, viza hii si inaingia nchi zote hizi, kwa nini tukae chumbani wikiendi nzima tunaangaliana? Tukatafuta tiketi, tukaona ya Lisbon Ijumaa jioni kurudi Jumapili usiku, bei rahisi mno. Hio rahisi ilikua mtego. Pale mlangoni pa ndege dada mmoja akalitia begi la Mpemba kwenye kile kifremu cha chuma, halikuingia, akamwambia lipa, na alicholipia begi kilikaribia tiketi yenyewe. Mpemba akavaa makoti mawili na suruali juu ya suruali ili begi lipungue na bado halikuingia. Akalipa. Njia nzima, masaa matatu, hakusema neno, na kwa Mpemba yule hio ni rekodi.

Kiwanja cha ndege cha Lisbon kiko mjini kabisa, unatoka unaingia treni ya chini kwa chini, unabadilisha Alameda, unashuka Martim Moniz. Nilidhani nimepotea nikajikuta Dar, yani ukitoka pale juu unakutana na maduka ya Wabangladeshi, harufu ya biriani, saluni, simu za mitumba, na watu wanasalimiana assalamu alaykum. Mtaa wenyewe unaitwa Mouraria, na jina ndio hilo hilo, mtaa wa Wamoor, maana mwaka 1147 mfalme wao Afonso Henriques alipouteka mji kwa Waislamu, waliobaki walitolewa ndani ya ukuta wakawekwa huku chini ya kilima. Miaka karibu mia tisa baadae Waislamu wamerudi pale pale wanauza chaja za simu. Mpemba akacheka mpaka akasahau begi.

Nyumba tuliyoikodi mtandaoni ilikua ghorofa ya tatu kwenye kichochoro chembamba. Mlangoni hakuna mtu, kuna kisanduku kidogo cha chuma chenye namba, unabonyeza namba funguo inadondoka. Nilisimama pale nikaviangalia vile visanduku, mlango ule kimoja, mlango wa pili vitatu, mlango wa mbele vinne vimepangana kama matiti ya ng'ombe. Sikukaribishwa na mtu, nlikaribishwa na namba. Alafu tukaanza kupanda na begi la magurudumu la Mpemba, gororo gororo gororo juu ya mawe, dirisha likafunguliwa juu, akatoka bibi mmoja na nguo ya kulalia akatuporomoshea maneno ambayo sikufahamu hata moja na nlifahamu yote. Bibi yangu mie ndivyo anavyowasemesha wageni wanaopita chini ya dirisha lake Mkunazini saa tano za usiku. Mpemba akalibeba begi kichwani mpaka juu.

Kwa hio nikalala na jambo hilo. Mchana mtu mmoja wa duka la kahawa akatueleza kua mwaka 2018 baraza la mji lilisimamisha vibali vipya vya nyumba za wageni kwenye mitaa hii ya zamani, Alfama, Mouraria, maana wenyewe walikua wanaisha. Watoto wamehamia mbali, wazee wamebaki madirishani. Nikawahesabu wa mtaa wetu mie pale Mji Mkongwe ambao wako Fuoni sasa, Tomondo, Mwanakwerekwe, na nyumba zao zina mabango ya hoteli na kitanda cha Kizanzibari kinachokodiwa kwa dola. Na ni mie ninaewapeleka wageni mpaka mlangoni. Basi tuyaache hayo.

Jumamosi asubuhi tukapanga foleni ya tramu namba 28. Ile ya manjano unayoiona kwenye kila picha ya Lisbon, vigari vyenyewe vya miaka ya 1930, vya mbao ndani, vinapanda kilima vinalia kama mlango wa kale. Inapita kwenye vichochoro vya Alfama mpaka unaweza kunyoosha mkono ukaazima chumvi jikoni kwa mtu, na watu wa kule wakiisikia kengele wanajibana mlangoni kama siye tunavyojibana ukutani vespa ikipita. Nikamwambia Mpemba kwetu Unguja pia ilikuwepo, treni ya Bububu, ilianza 1905 ikitoka pale Ngome Kongwe, ikipita katikati ya nyumba za watu. Akasema, na mkaiachia ife. Ningemjibu kua Pemba hata ya kufa hawakua nayo, lakini tulikua tumebanana na Wakorea arobaini na si pahala pa kugombana.

Tulishuka mwisho wa safari, Campo de Ourique, tukaingia bustani moja kutafuta choo kiukweli. Na hapo ndio nilipoona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka peke yangu.

Wazee wanne wamekaa kwenye meza ya jiwe chini ya mti, wengine sita wamewasimamia kuwasema. Kofia, miwani, mmoja ana kijiti cha meno mdomoni. Wanacheza karata. Mmoja akainyanyua karata juu akaibamiza mezani paa! vile vile kama pale maskani kwetu, yule wa kusimama akashika kichwa, mwenzake wa kucheza akaanza kulaumu. Nikasimama. Mmoja akasema "copas". Nikamtazama Mpemba, Mpemba akanitazama mie. Kopa! Mwengine akasema "espadas", shupaza hio, alafu "ouros", uru, na "paus", pau. Alafu yule wa kijiti akagonga meza akasema "trunfo" na Mpemba kwa sauti kubwa mbele ya watu akasema TURUFU! Wazee wote wakageuka.

Mchezo wenyewe wanauita sueca. Watu wanne, wawili wawili, wanakaa msalaba. Karata arobaini, wanatoa nane, tisa na kumi. Na sikiliza hesabu yake wewe unaecheza karata: ree 11, saba 10, mfalme 4, yule kijana 3, bibi 2, jumla 120, na akifika 61 kashinda. Sitini na moja! Wahedi wa sitini, karata yetu ile ile! Mchezo ambao babu yangu alinifundisha na mie nikiwa na miaka saba nikidhani ameutunga yeye. Saba inamla mfalme, kitu ambacho Mwingereza ukimwambia anakuona mwendawazimu, Mreno hakushangaa hata kidogo. Na lile jambo la mzungu wa pili, mzungu wa tatu, mzungu wa nne, ambalo siku zote nilikua najiuliza kwa nini wazungu wa karata wanaanzia wa pili, wa kwanza kenda wapi, jibu likanijia pale pale chini ya mti: ni pointi zake. Bibi mbili, kijana tatu, mfalme nne. Miaka yote hio nimeshika jibu mkononi.

Mzee mmoja akampisha Mpemba akae. Hawajui Kiingereza, siye hatujui Kireno, na mchezo ukaenda kama kawaida, kwa vidole na majina ya karata tu. Mpemba na mshirika wake wa kijiti wakashinda mara mbili. Mara ya tatu imetangulia uru, Mpemba akatupa pau wakati ana uru mkononi, akakamatwa, na yule mzee akamtukana, najua ni tusi maana wote walicheka wakatazama pembeni. Tulikaa saa moja na nusu. Watu wanakwenda Lisbon kuona makumbusho.

Maneno yao haya mie nlikua nayajua kama habari ya kuwapa wageni, meza, leso, bendera, kasha, foronya, mvinyo, padri. Nawaambia watalii wanasema waaau wanapiga picha ya ukuta. Lakini kuyasikia yanatumika na wenyewe, dukani, mama anamwambia mtoto afute meza, ni jambo jengine. Alafu nikagundua na wao wameazima pale pale tulipoazima siye. Sukari kwao açúcar, zeituni azeitona, na lile neno lao oxalá ambalo mtu wa duka la kahawa alilisema nlipomuuliza kama mvua itakatika, asili yake ni habari ya Mwenyezi Mungu akipenda, kama inshallah yetu. Alfama yenyewe ni al-hamma, maji ya moto. Hata zile vigae vya rangi ukutani, azulejo, jina lake Kiarabu. Mpemba akasema kumbe hawa ni Waswahili waliokosa nazi.

Jumapili ndio alipomaliza kabisa. Tunapita mbele ya kanisa asubuhi, watu wamevaa vizuri wanaingia, bango limeandikwa Igreja. Nikamwambia hili neno lisome pole pole. I-gre-ja. Igereja. Gereza. Akasimama katikati ya barabara. Kwa wasiojua, Ngome Kongwe kwetu wakubwa walikua wakiiita Gereza, kanisa la Wareno lilikuwepo pale, kipande cha ukuta wake bado kimo ndani ya ngome, alafu baadae ngome ikatumika kufungia watu, na neno likabaki na wafungwa, mapadri washaondoka zamani. Mpemba akawaangalia wale watu na suti zao akasema, lo, masikini, kila Jumapili wote wanakwenda gerezani na watoto.

Nirudi nyuma kidogo, Jumamosi jioni tulipanda mpaka Carmo. Hapa sina utani. Ilikua nyumba ya watawa na kanisa kubwa, ilianzishwa 1389. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu yao ya Watakatifu Wote, asubuhi watu wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ikatikisika. Mishumaa ikaanguka ukazuka moto. Waliookoka wakakimbilia uwazi wa pwani, na bahari ikajivuta ikarudi juu yao. Mji wa chini, Baixa, waliujenga upya chini ya waziri wao Marquês de Pombal, njia zimenyooka kama rula, na ndani ya kuta wakatia mifupa ya mbao iliyosukwa ili ikitikisika tena nyumba icheze isianguke. Lakini Carmo paa lake hawakulirudisha. Wameacha zile tao zimesimama juu, mbavu tupu, na mbingu ndio dari. Njiwa wanapita ndani. Chini majani.

Nilikaa pale kwenye jiwe. Mie siku ya Krismasi 2020 nlikua Forodhani, nlisikia mshindo wa Beit al-Ajaib. Nyumba ya Sayyid Barghash, ya 1883, nimeshaieleza mara elfu, ya mwanzo kwa umeme, ya mwanzo kwa lifti, upande mmoja ukaporomoka pale mchana kweupe, wakafa watu wawili, na vumbi likatufikia mpaka kwenye meno. Toka siku hio wageni wananiuliza itajengwa lini na mie nazungusha maneno. Pale Carmo hakuna anaezungusha, wamekuandikia ilianguka lini na kwa nini, unalipa tiketi unaingia kutazama palipoanguka. Sijui kama napenda hivyo. Mpemba alikua ananiita twende kunakuchwa baridi inaingia, nikamwambia ngoja, akakaa, na safari hii alikaa kimya bila ya begi.

Belém, mtaa wa Lisbon kando ya mto, nitasema kwa ufupi maana kila mtu anaijua. Mnara umejengwa mwanzo wa miaka ya 1500, unaonekana kama mchezo wa watoto wa mchangani. Monasteri ya Jerónimos ni kubwa, mawe yamechongwa kamba za meli na matumbawe, na wenyewe wanasema waziwazi pesa zake zilitokana na ushuru wa biashara ya viungo na mali za safari za baharini. Ndani ya kanisa kuna kaburi la Vasco da Gama. Amelala juu ya jiwe, mikono ameikutanisha kama anaomba. Alikufa Cochin, India, 1524, mifupa ikaletwa baadae sana. Mie kazini namtaja huyu mtu mara mbili kwa siku, 1498 alipita mwambao wetu, Malindi ya Kenya akapewa nahodha wa kumvusha mpaka India, alafu 1503 akaja mwenzao Ravasco Unguja akateka majahazi ya watu mpaka mfalme akakubali kulipa kodi ya mithkali 100 za dhahabu kwa mwaka. Pembeni yangu alikuwepo mtembeza watalii wa pale, kijana, na kundi lake, nikamsikiliza kwa Kiingereza chake. Alieleza vizuri, alikua na mzaha wake pale penye mzaha. Alisema Vasco "alifungua njia". Nikawa nataka kunyoosha mkono. Sikunyoosha, mie najua mtalii anaenyoosha mkono kila dakika anavyokera. Nilimpa yuro mbili za ahsante akashangaa maana sikua kundi lake.

Nje ya pale bajaji zimejaa, hasa hasa bajaji hizi hizi, wanaziita tuk-tuk, na vijana wake wana maneno yale yale ya papasi wetu, wale wanaowaganda wageni njiani, my friend, where from, good price. Nikamwambia Zanzibar, akasema aaah Freddie Mercury. Bei alioitaja ya saa moja ningepanda daladala mjini hadi Nungwi mwaka mzima. Tukala vile vikeki vyao vya mayai na maziwa, pastel de nata, kwanza nikauliza mafuta gani, nikaambiwa siagi, nikala vinne. Mpemba alikula saba alafu akasema havishindi haluwa ya Wete. Saba.

Adhuhuri tukaswali msikiti mkuu wa Lisbon, ulifunguliwa 1985, na waumini wengi pale asili yao Msumbiji, watu waliohamia baada ya uhuru wa 1975. Mzee mmoja aliposikia Zanzibar akatushika mikono hakutuachia. Kutoka hapo Mpemba akaona jengo kubwa la matofali mekundu lenye makuba kama vitunguu, akasema yakhe hebu tazama msikiti ule. Sio msikiti, ni Campo Pequeno, kiwanja cha mchezo wa ng'ombe, cha 1892. Mpemba akatulia kama mtu alieona nduguye. Maana mchezo wa ng'ombe kwetu uko Pemba tu, Kengeja na huko, na wenyewe wanasema asili yake Wareno. Nikamsomea kwenye simu kua Ureno ng'ombe hauliwi mbele ya watu kama Hispania, na mwishoni wanatoka vijana wanane mikono mitupu wanajipanga mstari wa mbele anampokea ng'ombe kifuani. Akasema kwetu tunamtia kamba, wanawake wanaimba, na ng'ombe akishinda tunamsifu yeye. Alipigwa picha kumi na mbili pale mlangoni. Kwa Vasco hakupiga hata moja.

Zawadi nilinunua moja tu. Baixa kuna maduka yanauza bacalhau, samaki mkavu wa chumvi, vipande vikubwa kama mbao, na harufu yake unaipata mtaa wa pili, nlifumba macho nikajiona Malindi yetu ya Unguja, sokoni. Nikachukua nusu kilo kwa ajili ya bibi, nikaifunga mifuko minne, na bado nguo zangu zote zilirudi Unguja zinanuka.

Nikampa pale Mkunazini, nikamweleza bibi hii ni ya Ureno, unairoweka siku nzima unabadilisha maji, wenyewe wanaipika namna nyingi mno. Akafungua, akanusa, akanigeuzia uso.

"Mjukuu wangu, umekwenda Ulaya kuniletea ng'onda?"

Aliroweka lakini. Siku ya pili akaipika na nazi na bamia, na mkate wa mofa pembeni, tukakaa tukala. Alipomaliza akalamba vidole akaniuliza kilo shilingi ngapi huko, nikamwambia. Akanitazama muda mrefu kidogo.

"Papa wa Mkokotoni mzuri kuliko huyu," akasema, akajiongeza mchuzi.